Je, kufunika kinywa ni kukosa imani?



Leo tunataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo wengine watasema limekwisha kupita. Ni kashene, kile kitambaa cha kufunika pua na kinywa ambacho vitabu vya Kiswahili vinaita barakoa. Ni kweli kwamba siku hizi mtu akiivaa sokoni watoto wanamtazama na kucheka. Lakini maneno yaliyosemwa wakati ule hayajapita. Wapo ndugu ambao hawasalimiani vizuri tangu mwaka 2020, kwa sababu mmoja alimwita mwenzake mbele ya watu mtu wa imani ndogo, naye akajibu kwamba mwenzake ni mwuaji. Maneno mazito namna hiyo hayafutiki kwa sababu mipaka imefunguliwa na ndege zimeanza kuruka tena.

Na magonjwa hayajatuacha. Mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza mpox kuwa hatari kwa mataifa yote, na aina yake mpya ilikuwa imeonekana kwetu, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini. Mwezi wa tisa 2025 Ebola ilitangazwa tena, safari hii Bulape katika Kasai. Kila mara ekipe zinafika na vipaza sauti vyao, na kila mara watu wanauliza maswali yale yale.

Kwa kusikiliza kwetu, maswali hayo ni mawili, nayo yanachanganywa. La kwanza: je, mwamini anayejikinga na ugonjwa anaonyesha kwamba hamwamini Mungu? La pili: je, tuna wajibu wa kufuata neno la watu ambao zamani walitudanganya au walitutendea vibaya? Utamsikia mtu anasema Mungu ndiye mlinzi wake, lakini ukiketi naye kidogo anaanza kukuelezea mambo ya uchaguzi na magari ya wageni. Hapo unajua kwamba swali lake lilikuwa la pili, akalivika nguo ya la kwanza. Basi tuyatenganishe.

Tuanze na imani. Kanisa letu halikuzaliwa katika hospitali. Lilizaliwa katika maombi na kuwekewa mikono, na wazee wetu walifungwa na kuhamishwa mbali na makwao na Wabelgiji kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba uponyaji unatoka kwa Mungu, hatuna la kubishana naye. Tunamwomba tu asome pamoja nasi habari za mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme. Mfalme yule aliugua ugonjwa wa kufa, akalia na kuomba, na nabii Isaya akarudishwa kwake na ahadi ya kupona na ya kuongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwa Mungu. Sasa nabii alifanya nini? Aliagiza watwae tini, wakaziweka juu ya jipu la mfalme, naye akapona. Nabii mwenyewe ndiye aliyeagiza dawa, tena baada ya ahadi, wala si kabla. Hatusomi popote kwamba mtu alisimama katika nyumba ya mfalme kumwambia Isaya kwamba zile tini ni mashaka.

Wapo pia wanaosema kufunika kinywa ni desturi ya wageni. Hao wasome torati, Mambo ya Walawi sura ya 13, pale ambapo mwenye ukoma aliagizwa kufunika mdomo wake wa juu na kuwaonya watu kwa sauti. Tunajua kwamba agizo lile lilikuwa na ukali, na tunajua kwamba Bwana Yesu aliwagusa wenye ukoma. Hatulileti hapa ili mtu awatenge wagonjwa. Tunalileta ili ifahamike kwamba jambo lenyewe ni la kale.

Lakini hoja hizi zote, hata zikiwa nzuri, zinamzungumzia mtu na mwili wake mwenyewe. Hazijafika kwenye kiini. Tazameni jinsi kashene inavyofanya kazi. Mtu anapoongea, anapoimba au anapokohoa, matone madogo yanatoka kinywani mwake, mengine madogo hata hayaonekani kwa macho. Ugonjwa wa COVID-19 ulikuwa na tabia moja mbaya sana: mtu aliweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajasikia homa yoyote, na wengine walikuwa nao bila kusikia kitu chochote hata mwisho. Kitambaa cha kushonwa na fundi wa mtaani kinazuia zaidi kile kinachotoka kuliko kile kinachoingia. Kwa hiyo aliyesema, mimi naamini, sitaugua, aliongea vema juu yake mwenyewe. Lakini kashene yake haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mama mzee aliyeketi benchi la mbele, mwenye kifua kibovu tangu miaka mingi. Je, mtu anaweza kuwa na imani kwa niaba ya mapafu ya mama yule? Na je, alimwuliza?

Mtu akitaka kufunga siku tatu, anafunga kwa tumbo lake. Hawezi kwenda usiku kumwaga bugali wa jirani, kisha asubuhi aseme, tunafunga pamoja. Ndivyo tunavyofahamu jambo hili. Imani ya kuhatarisha mwili wangu ni mkataba kati yangu na Mungu. Nikiweka mwili wa mwingine katika mkataba huo bila ruhusa yake, hapo jina la imani halifai tena, tutafute jina lingine. Mtume Paulo alijua kwamba nyama iliyotolewa kwa sanamu haimdhuru mtu wa dhamiri yenye nguvu, hata hivyo alikuwa tayari kuiacha maisha yake yote kuliko kumwangusha ndugu aliye dhaifu. Kwake nguvu ya dhamiri ilikuwa sababu ya kumwangalia zaidi yule asiye nayo.

Tusidanganyane, kashene ina bei yake. Fanfari haipigwi na kinywa kilichofungwa, na filimbi vilevile. Kiziwi anayesoma midomo ya watu alikaa miezi mingi bila kuelewa lolote. Mtoto mchanga alimwona baba yake anarudi nyumbani bila uso. Hayo si mambo madogo katika kanisa ambalo watu wake wanajuana kwa nyuso na kwa sauti. Anayesema kwamba haikugharimu kitu hajaimba katika kwaya.

Sasa swali la pili. Hili ni gumu zaidi, na hapa hatutamkemea mtu haraka.

Tuchukue mambo ya Beni na Butembo. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa usiku katika mashamba yao na vijiji vyao. Walilia miaka minne. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, na mara magari yakajaa barabarani, nyumba zikakodishwa kwa dola, na wageni wakaja kwa wingi na zile ekipe tulizoziita riposti. Watu wakauliza: tulipokuwa tunazika waliokatwa mapanga, ninyi mlikuwa wapi? Sisi hatuoni ujinga katika swali hilo. Mtu ambaye hakukujali ulipokuwa unauawa kwa panga, anakuja anasema anakupenda mno hata hataki ufe kwa homa. Ni lazima umtazame mara mbili.

Halafu ukafika uchaguzi. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 2018, siku chache kabla ya kura, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Nchi ilipiga kura tarehe 30, rais akaapishwa mwezi wa kwanza, na wao wakawekewa siku ya mwezi wa tatu 2019. Lakini masoko yalikuwa wazi, na makanisa yalikuwa wazi. Watu waliruhusiwa kununua pamoja na kuomba pamoja, ila kupiga kura pamoja ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Baada ya hapo nani angeweza kuwashawishi kwamba Ebola haikuwa siasa? Mwezi wa pili 2019 vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 mwezi wa nne mganga wa Kameruni, Richard Mouzoko, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi Butembo alipokuwa katika mkutano na wenzake. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 walikuwa wameupata, na 2,287 kati yao wamekufa. Na mwaka 2021, mwezi wa tisa, tume huru iliyoundwa na OMS yenyewe ikaleta taarifa kwamba wafanyakazi wa riposti waliwatumia vibaya kimwili wanawake wengi waliokuwa wanatafuta kazi. Yaani baadhi ya mambo ambayo watu walinong'ona mitaani, na wakubwa wakayaita uvumi, yalikuwa ya kweli.

Kinywa hiki kina historia ndefu zaidi ya hapo. Wakati wa ukoloni, mgonjwa wa usingizi alichukuliwa na kufungiwa lazareti bila kuulizwa, na msafiri alidaiwa karatasi ya mganga ili apite. Wazee wetu walijifunza mapema kwamba mtu wa sindano na mtu wa bunduki wanaweza kuja katika safari moja.

COVID-19 ilipoingia, ilikuta udongo huo umekwisha kulimwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Siku nane baadaye makanisa yalifungwa. Tarehe 1 mwezi wa nne wataalamu wawili wa Ufaransa waliongea kwenye televisheni juu ya kujaribu chanjo katika Afrika, na siku mbili baadaye profesa wetu Muyembe, yule ambaye alikuwa katika kazi ya kuigundua Ebola huko Yambuku mwaka 1976, akasema kwamba Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo. Nchi iliwaka. Alirudi kueleza kwamba hakuna chanjo ambayo ingejaribiwa kwetu kabla ya kujaribiwa kwingine, lakini maelezo hutembea kwa miguu na neno la kwanza limekwisha kupanda pikipiki. Mwaka uliofuata dozi 1,700,000 zilifika mwezi wa tatu, serikali ikasimamisha, ikaanza kuzitoa mwezi wa nne, na kwa kuwa muda wake ulikuwa unakwisha, karibu 1,300,000 zilipelekwa nchi zingine. Mtu wa kawaida angefahamu nini katika kwenda na kurudi kama huko?

Hayo yote tumeyaandika kwa urefu makusudi. Mhubiri akianza kwa kuwaita watu wajinga, amekwisha kupoteza nusu ya masikio. Hata nchi tajiri zina wakaidi wao. Mwaka 1919 katika mji wa San Francisco, Marekani, watu walianzisha chama kizima cha kukataa kashene wakati wa homa kubwa ile, na maelfu wakahudhuria mkutano wao. Hawakuwa Waafrika, wala hawakuwa wamekosa shule.

Basi kinywa hakiaminiki. Je, neno limekuwa uongo? Hapa ndipo tunapowaomba wapendwa wasimame kidogo. Katika kitabu kile kile cha Wafalme, sura ya saba, mji wa Samaria ulikuwa umezingirwa na Washami, na njaa ilikuwa kali mno. Wenye ukoma wanne waliokaa nje ya lango walikwenda kambi ya adui, wakakuta adui amekimbia na chakula kimejaa. Wakarudi usiku, wakawaita mabawabu wa mji. Mfalme alipoamshwa hakuamini. Alisema ni mtego: Washami wamejificha mashambani wanatungojea tutoke. Sisi hatumlaumu mfalme. Adui alikuwa amemdanganya mara nyingi, na habari ilitoka kwa watu ambao mji wenyewe uliwatupa nje. Lakini tazameni kilichofuata. Mtumishi mmoja alisema, tutume farasi wachache waliobaki wakaone. Wakaenda, wakafuata njia mpaka Yordani, wakakuta ni kweli, na mji ukala.

Kwa hiyo kuna kutokuamini kunakotuma farasi, na kuna kutokuamini kunakorudi kulala. Nje vinafanana sana. Vyote viwili vinasema: hawa watu siwaamini. Lakini cha kwanza kinamgharimu mtu safari, na cha pili hakimgharimu kitu. Tena kinampa raha, kwa sababu ukishasema wote ni waongo huna wajibu wowote tena. Hunawi mikono, hufuniki kinywa, huendi kumwuliza mwuguzi. Tunadhani kwamba wengi walioitwa watu wa mashaka katika siku zile walikuwa wamelala tu. Na mjini Samaria, kama mfalme angalirudi kulala, watoto ndio wangalikufa kwanza.

Mtu atasema: sisi tusio na maabara, farasi wetu ni wapi? Wapo. Angalia kile mwenye kusema anachofanya pasipo mtu wa kumlipa wala kamera ya kumpiga picha. Mwuguzi wa kituo chetu, anayedai mishahara ya miezi mingi, anapoingia kwa mgonjwa anavaa nini? Huyo hana jipu la siasa. Ana watoto nyumbani, na hataki kuwapelekea ugonjwa. Wazee wanasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Angalia tena ya Kikwit mwaka 1995. Ebola iliingia hospitalini, ikawaua wauguzi na masista waliokuwa wanawahudumia wagonjwa kwa mikono mitupu. Mwezi wa tano glovu, kashene na mavazi ya kujikinga yalipofika na watu wakafundishwa kuyatumia, maambukizi kati ya wauguzi yalikaribia kukoma. Hapo hakuna aliyetakiwa kumwamini mgeni. Ilitosha kuhesabu majeneza.

Na kwa anayesema dawa hizi ni za wazungu, ni vizuri ajue kwamba moja ya dawa mbili zilizoonekana mwaka 2019 kuokoa watu wengi zaidi, katika majaribio yaliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola huko Kikwit. Damu ya ndugu yetu ilikwenda safari ya miaka mingi, ikarudi katika chupa yenye jina la kigeni. Wako waliokataa chupa hiyo kwa sababu ya jina.

Ugonjwa huu wa kukataa neno kwa sababu ya kinywa hauchagui rangi. Mwisho wa mwaka 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, kaskazini ya China, ikaua watu wapatao 60,000 hata mwaka uliofuata. Serikali ya China ilimtuma Harbin mganga wa miaka 31, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliyesoma Cambridge. Yeye aliona kwamba ugonjwa ule unapita katika pumzi ya watu, akaagiza kila anayewahudumia wagonjwa afunike pua na kinywa kwa kitambaa chenye pamba ndani. Mfaransa mmoja mwenye cheo, daktari Gérald Mesny, hakukubali kufundishwa na Mchina. Aliingia kuwatazama wagonjwa na uso wazi. Baada ya siku chache alikuwa maiti. Yeye alikuwa na shule yote na vitabu vyote, lakini alipima kinywa badala ya kupima neno. Sisi tuliodharauliwa na watu wa namna ya Mesny tungepaswa kuwa wa mwisho kumwiga.

Kuna jambo lingine lililowasumbua wengi, nalo ni neno lililogeuka. Miezi ya kwanza ya 2020 OMS ilisema watu wazima wasio wagonjwa hawana haja ya kashene katika jamii. Tarehe 5 mwezi wa sita ikashauri serikali ziwahimize watu kuivaa pale wasipoweza kuachana nafasi. Wengi walisema: mnaona? Wanabahatisha. Sisi tunaona kwamba kugeuza neno kwa sababu umeona zaidi si uongo. Fundi anayebomoa ukuta aliouona umepinda ni fundi mzuri. Kosa lilikuwa kwingine. Walisema kwa sauti ya watu wanaojua, wakati walipaswa kusema kwamba bado hawajui, na kwamba pia wanaogopa wauguzi watakosa kashene zikinunuliwa na kila mtu. Watu wetu wangeielewa hofu hiyo. Mtu akikwambia ukweli wa upungufu wake, unamsaidia. Akikuficha, ukija kugundua mwenyewe, hata ukweli wake mwingine unaingia mashakani.

Hata hivyo wapo waliotuma farasi wengi. Katika Bangladesh, mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, wataalamu walichukua vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000. Nusu ya vijiji vilipewa kashene bure, watu wakakumbushwa bila kupigwa faini, na viongozi wa mahali, pamoja na maimamu misikitini, wakavaa wao kwanza. Waliovaa vizuri walipanda kutoka 13 kwa mia hadi 42 kwa mia. Vijiji vilivyopewa kashene za hospitali viliona ugonjwa umepungua, na zaidi kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea. Kwa zile za kitambaa faida haikuonekana wazi. Tunasema yote mawili kwa sababu anayetaka kuaminiwa hachagui nusu inayompendeza.

Tazameni hapo ni nani aliyesikilizwa. Ni kiongozi wa dini wa kijijini. Na hapa neno linawageukia watumishi wa Mungu, mashemasi wakiwemo. Tunalalamika kwamba kinywa cha serikali hakiaminiki, lakini kinywa chetu kinaaminika, na ndiyo sababu mzigo wetu ni mkubwa. Mhubiri aliyesema madhabahuni mwaka 2020 kwamba corona ni ugonjwa wa matajiri wa Kinshasa hakutuma farasi hata mmoja. Alisikia kwenye simu, akasema kwenye kipaza sauti. Mtu wa serikali akidanganya watu 500, pengine 50 wanamfuata. Mtumishi wa Mungu akikosea mbele ya watu 500, wanamfuata wote, tena wanasema amina.

Lakini anayetangaza habari za afya naye ana deni kwa maskini. Kinshasa kashene ilikuwa amri tangu tarehe 20 mwezi wa nne 2020, na faini ilikuwa franka 5,000. Kwa mama anayeuza mihogo, hizo ni chakula cha nyumba nzima, na watu walisema wazi kwamba pesa nyingine zilibaki katika mifuko ya askari bila karatasi yoyote. Wanawezaje kuamini kwamba kitambaa ni cha afya, ikiwa anayekidai anatafuta chake? Vilevile kumwambia mtu anayekula cha siku hiyo hiyo akae nyumbani, bila kumletea unga, ni kumwambia achague namna ya kufa. Amri inayomgharimu mmoja usingizi tu na mwingine mkate wa watoto wake haijawa amri moja bado, hata ikiandikwa katika karatasi moja. Mafundi wa kushona walio kati yetu wanaweza kutoa vipande vya kitambaa bila kungoja gavana. Hiyo ni kazi ya mikono, na kanisa letu linajua kazi ya mikono.

Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 mwezi wa nane 2020, na mashemasi wakawekwa mlangoni na ndoo ya maji, sabuni na sanduku la kashene. Hapo ndipo hoja zote hizi zilipokutana na watu wenye majina. Katika parokia moja alifika mama ambaye mtoto wake alichukuliwa wakati wa Ebola na watu waliofunikwa kuanzia kichwa hata miguu. Hakumwona tena mtoto, wala hakuonyeshwa alivyozikwa. Baadaye, katika vituo vingine, walileta vile vyumba vya plastiki inayopitisha macho, ili ndugu wamwone mgonjwa wao na kuongea naye, na mambo yakapoa. Lakini kwake yalikuwa yamechelewa. Mama huyu hakukataa kuvaa kwa ubishi. Alisema akiona vinywa vimefunikwa, moyo wake unakimbia, na yeye mwenyewe akiivaa anasikia kama ndiye anayemchukua mtoto.

Mashemasi waligawanyika. Wengine walisema amri ni amri, na wazee walioko ndani wana haki yao. Wengine walisema hawezi kufukuzwa mlangoni mtu ambaye ugonjwa umekwisha kumwibia. Mwishowe benchi lilitolewa nje, likawekwa chini ya mwembe upande wa dirisha, mahali penye upepo, na mama wawili wa kikundi chake wakaketi naye, nafasi ya hatua mbili kati yao. Kipaza sauti kiligeuzwa upande huo. Aliketi pale miezi yote, mpaka kashene zikaachwa. Baadhi ya mashemasi mpaka leo wanasema ulikuwa ni upendeleo, na kwamba kama wote wangaliomba benchi chini ya mwembe, mwembe usingetosha.